Tone la Damu ya Mzee Abdunoor

"Hiyo mashine yako inaweza kujua kama mtu amekunywa pombe?"

Hilo ndilo neno la kwanza Nasur alilomwambia Viola tangu mvua za mwaka jana. Hakusema habari za siku nyingi. Hakusema samahani. Alisimama mlangoni mwa chumba kidogo cha utafiti nyuma ya wodi, katika hospitali ya Arua, kofia ya pikipiki mkononi, buti zake zimeganda udongo mwekundu wa visima anavyotengeneza, akauliza habari za pombe.

Viola alikuwa akipanga vifaa kwenye sanduku la baridi. Mara nyingi alikuwa amejiapiza kwamba siku Nasur akirudi hatamtazama hata kidogo. Na sasa alikuwa akimtazama. Amekonda. Ndevu hakuzipunguza. Lakini macho yalikuwa yale yale, macho ya mtu anayetaka kujua kila kitu kinafanyaje kazi, macho yaliyomtega siku ile walipokutana kwenye zahanati ya Adumi, Nasur akiwa amefungua pampu ya kisima na Viola amekuja na ndoo yake.

"Umetoka Koboko mpaka Arua kuniuliza hilo?"

"Ndiyo."

"Basi umepotea njia. Mimi sipimi walevi."

"Viola, ni Baba." Nasur alishusha sauti. "Watu wanasema Baba anakunywa."

Kama angekuwa mtu mwingine, Viola angecheka. Mzee Abdunoor alikuwa muadhini wa msikiti wa mtaa wao. Watu wa Koboko walikuwa wakiamka kwa sauti yake tangu kabla Nasur hajazaliwa. Na ni yeye huyo huyo aliyemkataa Viola, Nasur alipotaka kumwoa. Mama yake Viola, Mama Drateru wa Ediofe, amelea watoto wake kwa kupika kwete, pombe ya kienyeji, na kuiuza uani kwake, umbali mdogo tu kutoka kanisa kuu. Mzee aliposikia, alisema neno moja likatosha: mtoto wa nyumba ya kwete hatalala chini ya paa la muadhini. Nasur aliinamisha kichwa, akatoka. Simu zake zikapungua, zikawa za mara moja moja, kisha zikakatika. Hakugombana na baba yake. Hata kuaga hakuaga.

"Anafanya nini hasa?" Viola aliuliza. Hakutaka kuuliza, lakini swali lilimponyoka.

"Anayumba akitembea. Ulimi umekuwa mzito. Wiki iliyopita alianguka mahali pa kutawadhia, Ijumaa, watu wote wanaona. Kipaza sauti wamempa mtu mwingine."

"Umemwona akinywa?"

"Hapana."

"Umesikia harufu?"

Nasur aliigeuza kofia mikononi. "Nimenusa kikombe chake. Alikwenda kuswali, nikaingia chumbani, nikanusa kikombe cha baba yangu kama mwizi."

"Na kilinuka nini?"

"Chai ya tangawizi."

"Sasa umefuata nini hapa?"

"Nataka kujua tu. Mama analia. Jirani wananiangalia. Nikasikia wewe una kitu kinachosoma damu hapo hapo kitandani kwa mgonjwa, bila kupeleka Kampala. Nikasema, labda."

Viola alishusha pumzi. Alichukua kadi moja ya plastiki, si kubwa kuliko kiberiti, akaiweka chini ya taa.

"Hiki hakipimi pombe. Kinapima kiasi cha dawa ya kifafa kwenye damu. Dawa hiyo ina tabia mbaya. Ikiwa kidogo, haikusaidii. Ikizidi kidogo tu, inakuwa sumu. Zamani tulikuwa tunakisia. Sasa natoboa kidole, naweka tone hapa, tone linapita kwenye vijifereji, hivi hapa, unaviona?"

Nasur aliinama. Nywele zake zilikaribia kugusa shavu la Viola. "Sivioni."

"Ni vyembamba mno. Egemeza hivi, mwanga uingie kwa ubavu."

"Aa. Naviona." Sauti yake ilibadilika, ikawa ile ya Adumi. "Sasa pampu yake iko wapi?"

"Haina pampu."

"Haiwezekani. Kitu hakitembei bila kusukumwa."

"Ukichovya utambi kwenye mafuta ya taa, nani anayasukuma yapande?"

Nasur aliinamia kadi tena. Viola alimwona akifikiri, paji la uso likikunjamana, kisha tabasamu likaanza pembeni mwa mdomo. "Yanajivuta yenyewe. Kwa sababu njia ni nyembamba."

"Ndiyo. Damu inaingia, chembe nyekundu zinachujwa, yale maji yake yanaendelea mpaka kwenye kitu kinachokamata dawa. Mashine inasoma rangi, inatoa namba."

Walikuwa wamekaribiana mno. Viola alisikia harufu ya grisi na sabuni ya kipande, harufu aliyokuwa akiikumbuka bila ruhusa yake mwenyewe. Akarudi nyuma hatua moja.

"Baba yako anatumia dawa yoyote?"

"Dawa ya kichwa tu. Tangu alipokuwa jeshini."

"Dawa ya kichwa ya jina gani?"

"Ya kichwa. Nyumbani hatumuulizi."

Viola aliishika kadi bila kuisogeza. Wazo lilikuwa limemjia. Bado lilikuwa dogo, lakini halikukubali kuondoka.

"Kesho nina wagonjwa wa kuwapima Koboko," alisema. "Nikimaliza nitapita kwenu."

"Baba hatakubali uingie."

"Siji kama mchumba. Nakuja kama mtu wa hospitali."

"Viola, sijui nikushukuru vipi."

"Usinishukuru. Bado nina hasira na wewe."

*

Mama Hawah, mama yake Nasur, alimpokea Viola mlangoni akamshika mikono yote miwili bila neno. Sebule ilikuwa safi, kawa za rangi zimetundikwa ukutani. Mzee Abdunoor alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba karibu na dirisha, kanzu nyeupe, mkono mmoja umeshika ukingo wa kitanda kama mtu aliye ndani ya gari linalokwenda kasi.

"Huyu nani?" aliuliza. Kiswahili chake cha jeshini kilitoka kimeburuzwa, kama cha mtu mwenye tonge la muhogo mdomoni.

"Mtu wa hospitali, Baba," alisema Nasur.

"Mimi najua yeye. Wewe mutoto ya Drateru, ya Ediofe."

"Ndiyo, Baba. Salaam aleikum."

Mzee aliitikia, kwa sababu salamu haikataliwi. Kisha akasema, "Mimi nilisema nini mwaka jana?"

"Ulisema mtoto wa nyumba ya kwete hatalala chini ya paa lako." Viola aliweka sanduku lake sakafuni. "Sikuja kulala, Baba. Nimekuja kukaa kidogo tu, kisha nitaondoka."

Mama Hawah alifunika mdomo kwa mtandio wake. Mzee alimkazia Viola macho, na Viola hakuinamisha yake. Alivuta kigoda akaketi mbele yake.

"Naomba kitu kimoja. Fuata kidole changu kwa macho. Kichwa usikigeuze."

"Kwa nini?"

"Nataka kuona kitu."

Labda ni kwa sababu hakuna aliyemwomba kitu kwa siku nyingi, mzee alikubali. Viola alipeleka kidole polepole upande wa kulia. Macho ya mzee yalifuata, yakafika pembeni, yakaanza kurukaruka, kwenda na kurudi. Akapeleka kushoto. Yakaruka tena.

Viola alishusha mkono.

"Baba, mimi nimekua nikiwahudumia walevi. Kabla sijajua kusoma nilijua nani amekunywa kibuyu kimoja na nani amekunywa vitatu. Nilikuwa naona haya kulisema hilo. Leo nalisema. Namjua mlevi akiwa mbali. Macho ya mlevi yanalegea, na pumzi yake inanuka. Yako hayakulegea, yanarukaruka, na pumzi yako ni ya tangawizi tu. Wewe hukunywa."

Mkono wa mzee uliachia ukingo wa kitanda.

"Sema tena," alisema.

"Wewe hukunywa, Baba."

Mzee Abdunoor aligeuza uso dirishani. Mama Hawah alikuwa ameanza kulia kimya kimya, na Nasur alisimama pale pale, hajui aweke wapi mikono yake mikubwa.

"Nioneshe dawa zako," Viola alisema kwa upole. "Zote."

Mzee alimtazama mke wake. Hatimaye akatikisa kichwa kukubali, na Mama Hawah akaleta kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na pakiti mbili. Viola alisoma jina la kwanza, akalisoma tena. Alisoma la pili, akaelewa.

"Hii ya pili umeanza lini?"

Mama Hawah ndiye aliyejibu. "Ni kwa sababu yangu. Niliugua kifua kikuu. Nikaanza matibabu, wakasema watu wote wa nyumba wapewe vidonge vya kujikinga. Nasur hakuwepo, alikuwa akitengeneza visima huko Inde. Mzee akachukua vyake."

"Uliwaambia kwamba unakunywa hii nyingine?"

"Naambia nani?" Sauti ya mzee ilipanda ghafla. "Kifafa iko kitu ya kuambia watu?"

Neno lilianguka katikati ya chumba. Nasur aligeuka. "Kifafa, Baba?"

"Zamani. Lori ya jeshi ilipinduka njia ya Yumbe. Kichwa yangu ikagonga chuma. Baada ya hapo naanguka, naanguka. Mama yako peke yake iko najua. Watu wakisikia muadhini iko na kifafa, wanasema shetani. Mimi nakunywa dawa, nanyamaza, napiga adhana. Mwaka mingi hapana anguka."

Nasur aliketi sakafuni, hapo hapo aliposimama.

"Basi sikilizeni nionavyo mimi," alisema Viola, "lakini bado ni dhana tu. Ini ni kama mlango wa kutokea. Dawa ya kifafa hutoka kwa mlango huo polepole. Hii mpya imesimama mlangoni. Ya zamani inabaki ndani, na kila siku unaongeza nyingine juu yake. Ikijaa, mtu anayumba, ulimi unakuwa mzito, macho yanaruka. Ukiendelea inaweza kukuua. Tone moja la damu litatuambia kama nimekosea. Lakini damu ni yako, Baba. Ukisema hapana, nafunga sanduku."

"Na hiyo mashine nasema kama mimi nakunywa pombe?"

"Hapana. Pombe haiisemi kabisa. Inasema dawa tu."

Mzee alifikiri. "Wewe hapana danganya," alisema. "Haya. Piga."

Viola alimpigia kwanza Daktari Asumani, mkuu wa utafiti huko Arua, akaiweka simu kwenye spika. Daktari alimuuliza mzee mwenyewe maswali yake, akaridhika, akasema endeleeni. Viola alifuta kidole, akatoboa, akaweka tone juu ya kadi.

Mzee aliinama kutazama. "Nakwenda," alinong'ona. "Damu yangu iko nakwenda. Nani nasukuma?"

Viola alifungua mdomo kujibu, lakini Nasur alikuwa ameshasogea kwa magoti mpaka kando ya baba yake.

"Hakuna, Baba. Ni kama utambi wa taa. Njia ikiwa nyembamba sana, inajivuta yenyewe." Alionyesha kwa ncha ya ukucha. "Tazama hapo, nyekundu inabaki. Hapa inapita ya rangi ya maji. Ile ndiyo imebeba dawa."

"Subhanallah," alisema mzee. "Kitu ndogo hivi."

Vichwa viwili, kimoja cheupe na kimoja cheusi, viliinama juu ya kadi. Viola aliwatazama akasahau hasira yake kwa muda. Kumbe udadisi wa Nasur alikuwa ameurithi hapa.

Mashine ililia. Thelathini na nne.

"Inatakiwa iwe kati ya kumi na ishirini," Viola alisema.

Daktari Asumani alisikia namba ile, akasema maneno machache: leo asimeze tena dawa ya kifafa, lakini baadaye asiiache kabisa kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa maana kifafa kitarudi; gari la hospitali lililomleta Viola limchukue mzee sasa hivi, maabara kubwa irudie kipimo, alazwe wampangie upya.

Mama Hawah aliingia chumbani kufunga nguo. Mzee aliendelea kuitazama ile namba kwenye kioo cha mashine. Kisha akasema bila kugeuka:

"Nasur. Wewe ulijua mimi hapana kunywa?"

Nasur angeweza kusema ndiyo. Viola aliona neno hilo likimjia.

"Sikujua, Baba. Nilinusa kikombe chako."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Mutoto yangu nanusa kikombe. Na mutoto ya kwete nasema hukunywa." Akamgeukia Viola. "Kwa nini ulikuja? Mimi nilikufukuza."

"Nilitaka kujua, Baba. Nikisikia kitu sikielewi, sipati usingizi."

"Si kwa sababu ya huyu?"

Viola alifunga sanduku lake. "Na kwa sababu ya huyu. Kidogo."

Nasur aliinua uso. "Baba, kuhusu Viola..."

"Nyamaza!" Mzee aliinua mkono. "Leo usiniulize. Nikikubali, watu watasema Abdunoor alikubali na dawa kichwani. Nikikataa, watasema hivyo hivyo. Ngoja kichwa yangu irudi. Ikirudi, niulize."

*

Maabara kubwa ilithibitisha. Daktari Asumani alipunguza dawa, na asubuhi baada ya asubuhi Viola alikuja kando ya kitanda, akatoboa kidole, akaweka tone. Mzee hakukubali kadi ianze kazi kabla hajavaa miwani. Aliuliza hiyo rangi inatoka wapi. Aliuliza kama maji ya kisima yanaweza kusomwa namna hiyo. Aliuliza ni nani aliyekaa akafikiria kwanza kwamba damu inaweza kutembea yenyewe, na mtu huyo alikuwa na mke wa namna gani kumvumilia. Imamu alikuja kutoka Koboko kumwona, wakazungumza Kinubi, lugha ya nyumbani kwao, kwa muda mrefu, na alipoondoka wote wawili walikuwa wamefuta macho.

Nasur alikuwa akikaa miguuni pa kitanda. Na Viola alizungumza naye habari za dawa, za chakula, za mama yake. Habari zao wenyewe hawakuzigusa. Mara nyingine macho yao yalikutana juu ya kadi, na mmoja wao akaondoa yake haraka.

Asubuhi moja mashine ilisoma kumi na saba. Mzee aliteremka kitandani, akatembea mpaka mwisho wa wodi na kurudi, mstari mmoja ulionyooka, mikono nyuma, kama askari. Akaketi.

"Kichwa imerudi," alisema, na kila herufi ilikaa mahali pake. "Sasa niulize."

Mama Hawah aliacha kumenya chungwa. Viola akajifanya anapanga sindano.

Nasur alisimama. "Siulizi, Baba."

"Nini?"

"Nakwambia. Nampenda Viola. Yeye ni Mkatoliki na mama yake anapika kwete, na hayo nayajua. Ukikataa nitaumia sana, kwa sababu wewe ni baba yangu na nimekukosea. Lakini sitamwacha tena kimya kimya. Nitakuja kukusalimia kila siku mpaka uchoke, na kila siku nitarudi kwake."

Mzee alivua miwani.

"Na mdomo hiyo," mzee alisema, "mwaka jana ilikuwa wapi?"

Nasur alishika chuma cha kitanda, na mzee akaendelea.

"Mwaka jana mimi nasema hapana, wewe nainamisha kichwa, natoka. Nikasema moyoni, huyu hapana penda huyu musichana. Akipenda atarudi, tutagombana. Nilingoja. Hukurudi." Akamgeukia Viola. "Jumapili, wewe ukitoka kanisani, mimi nakuja Ediofe kusalimia Mama Drateru. Mwambie achemshe chai."

Viola alitaka kucheka na kulia, akashindwa kuchagua. "Mama naye ana maneno yake, Baba. Anasema Mnubi akioa mmoja, anawaza wa pili."

"Mimi naoa moja tu tangu ujana," alisema mzee, "na hiyo moja iko na kisu mkononi sasa hivi."

Mama Hawah alicheka mpaka chungwa likamponyoka. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka pia bila kujua sababu.

Nasur peke yake hakucheka. Alikuwa amegeuka, anamtazama Viola, na machoni mwake mlikuwa na woga ambao hakuujaribu kuuficha.

"Na wewe?" aliuliza. "Bado una hasira?"

"Bado."

"Nyingi?"

Viola alitupa kadi iliyotumika kwenye ndoo yake, akavua glavu, akaenda kwenye bomba la ukutani akanawa mikono polepole na kuifuta vizuri. Alifikiria mwaka mzima wa simu isiyolia. Alifikiria pia kwamba mtu huyu, mbele ya baba yake na wodi nzima, alikuwa amesema kila neno ambalo yeye Viola alikuwa akilingoja, na alikuwa amelisema kabla hajajua jibu litakuwa lipi.

Akarudi, akamshika Nasur mkono, mbele ya wote.

"Twende kwa mama yangu," alisema. "Ukamwambie maneno hayo hayo. Na usipunguze hata moja."